Mwache Hana abaki nyumbani na mtoto

Tumo katika majuma ya Majilio, Krismasi iko mlangoni, na Neno letu la leo linatoka katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya kwanza, mstari wa 21 hadi wa 24. Ni mistari minne tu. Kama Biblia iko karibu, ifungue uisome kwanza, kisha turudi tutafakari pamoja.

Nilifika kwenye mistari hiyo kwa sababu ya simu. Majuma mawili yaliyopita binti yangu alinipigia kutoka Arusha, ambako anaishi na mume wake. Amejaliwa mtoto wa kwanza, wa miezi mitatu. Akaniamkia, nikaitikia, nikamuuliza hali ya mjukuu wangu. Akacheka, akaanza kunisimulia. Mtoto sasa anafuata mwanga wa dirishani kwa macho. Akiwekwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu anatulia, akitolewa analia. Anapiga kelele za furaha akisikia sauti ya baba yake anaporudi jioni. Ukimpa kidole anakishika hakiachii. Nilimsikiliza nikitabasamu peke yangu hapa Katesh, huku mvua ikipiga bati.

Kisha sauti yake ikabadilika. Akaniuliza, "Baba, Krismasi hii tusipokuja huko, mtatuchukia?"

Sikumjibu. Nilimwambia nitazungumza na mama yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshamtenga kondoo. Nilikuwa nimeshawaambia ndugu waje wamwone mjukuu. Wakwe zake, ambao nao wako hapa Katesh, walikuwa wamejipanga vilevile. Mtoto wa miezi mitatu alikuwa amepangiwa sikukuu mbili katika nyumba mbili, na mama yake hakuulizwa na mtu yeyote.

Usiku ule nilisoma habari za Hana.

Sikukuu ya Shilo

Elkana alikuwa mtu wa ibada. Kila mwaka aliichukua familia yake yote akapanda nayo kwenda Shilo kumwabudu Bwana na kutoa dhabihu. Ilikuwa safari ya ibada na pia ilikuwa sikukuu ya familia. Watu walikula nyama, walikunywa, walikaa pamoja. Ni kama sisi tunavyofanya Desemba, mabasi yanapojaa kutoka Dar es Salaam na Arusha, yakipita Babati kuelekea Katesh na Singida, na kila nyumba inasubiri watu wake.

Lakini kwa Hana sikukuu hiyo ilikuwa siku ya machozi. Hakuwa na mtoto, na mke mwenzake Penina alimchokoza mwaka baada ya mwaka, hasa wakati huo wa kupanda Shilo. Wengine walipokula, yeye alilia na hakula. Sura ya kwanza inaeleza jambo hili waziwazi, na ni vizuri tulikumbuke kabla hatujaanza kufurahi, maana katika kila nyumba inayojaa watu siku ya Krismasi yuko anayeumia kimyakimya.

Baadaye Mungu akamkumbuka Hana, akamzaa Samweli. Mwaka ule Elkana akajiandaa kupanda tena Shilo na nyumba yake yote. Wewe na mimi tungedhani kwamba Hana angekuwa wa kwanza kufunga mizigo. Sasa alikuwa na cha kuonyesha! Angembeba mtoto mbele ya Penina na mbele ya kuhani Eli aliyemdhania kuwa mlevi. Hakuna mwanamke katika Israeli aliyekuwa na sababu kubwa kuliko yake ya kwenda kwenye sikukuu.

Hana hakwenda. Alimwambia mume wake kwamba atakaa nyumbani na mtoto mpaka atakapomwachisha kunyonya, ndipo atampeleka. Na Elkana, mwanamume aliyekuwa mkuu wa nyumba na mwenye nadhiri yake ya kutimiza, alimjibu kwamba afanye kile anachoona kuwa chema. Hakuita kikao cha ukoo wala hakumwambia kuwa watu watasema. Yeye akaenda Shilo, na Hana akabaki akimnyonyesha mwanawe.

Na tukumbuke kwamba Hana alikuwa ameshamtoa mtoto huyu kwa Bwana. Alijua kwamba siku ya kumwachisha ndiyo siku ya kumpeleka hekaluni na kumwacha huko. Kwa Wayahudi wa zamani mtoto aliweza kunyonya mpaka miaka mitatu, kama Kitabu cha Pili cha Wamakabayo 7:27 kinavyoonyesha. Kwa hiyo Hana alikuwa na asubuhi za kuhesabika za kumwamsha Samweli, na jioni za kuhesabika za kumlaza. Hakutaka kuzipoteza njiani kwenda kwenye karamu.

Hapo ndipo nilipofunga Biblia na kukaa kimya.

Krismasi niliyoiharibu

Nina sababu ya kukaa kimya. Miaka mingi iliyopita, binti yangu huyu akiwa na umri wa miezi minne, niliwaalika watu nyumbani kwangu siku ya Krismasi. Nilitaka kuonyesha kwamba nami nimekuwa baba. Walikuja watu wengi kuliko nilivyowatarajia. Mke wangu aliamka kabla ya jogoo kuwika, akakoka moto, akachambua mchele, akapika pilau na nyama, akachemsha chai sufuria baada ya sufuria. Mtoto alikuwa mgongoni kwa binti wa jirani. Alipolia aliletwa jikoni akanyonya haraka haraka katikati ya moshi, akarudishwa. Mimi nilikaa sebuleni na wageni. Tuliomba, tuliimba, tulikula. Wageni walinisifu kwamba nina mke hodari.

Usiku watu walipoondoka, binti wa jirani akasema kwa furaha, "Mama, leo mtoto kajigeuza mwenyewe kwenye mkeka! Kajigeuza mara mbili!"

Mke wangu hakusema kitu. Aliendelea kuosha masufuria. Baadaye kidogo nikaona mabega yake yanatikisika. Jambo lile ambalo alikuwa akilisubiri kwa majuma kadhaa, akimlaza mtoto kwenye kanga na kumchombeza ajaribu, lilitokea hatua kumi kutoka jikoni na yeye hakuliona. Nilimwambia maneno ya kipumbavu, kwamba mtoto atajigeuza tena kesho. Ni kweli alijigeuza kesho yake. Lakini mara ya kwanza haikurudi.

Sijawahi kuandika habari hii mpaka leo. Ninaiandika kwa sababu najua siko peke yangu. Tazama nyumba zetu wakristo siku ya Krismasi. Tunasherehekea mama aliyejifungua na mtoto aliyelazwa horini, huku mama aliyejifungua katika nyumba yetu yuko jikoni na mtoto wake hatujui yuko wapi.

Furaha isiyo ndogo

Wengine watasema haya ni mambo madogo. Mtoto kujigeuza, mtoto kucheka, mtoto kuota jino, vina uzito gani mbele ya mambo ya Ufalme wa Mungu? Nawajibu kwa Injili ya Luka. Baada ya wachungaji kuondoka na habari zao za malaika, Luka 2:19 inatuambia kwamba Mariamu aliyaweka mambo hayo moyoni na kuyatafakari. Mstari wa 51 unarudia jambo hilo hilo, safari hii Yesu akiwa kijana wa miaka 12. Mama wa Bwana alikuwa mwenye kutazama na kukumbuka. Ninaamini mambo aliyoyaweka moyoni hayakuwa ya malaika tu. Miaka 30 ya Nazareti ilikuwa na siku nyingi ambazo hakuna malaika aliyetokea, na mtoto alihitaji kuogeshwa, kulishwa na kulazwa kama watoto wote.

Mungu mwenyewe, alipotaka kuwaeleza watu wake jinsi anavyowapenda, hakuona aibu kutumia mfano wa mama na mtoto anyonyaye. Soma Isaya 49:15 na Isaya 66:13. Kama Mungu amechagua mfano huo, basi mama anayemtazama mwanawe akinyonya anaona kitu kuhusu Mungu ambacho sisi wengine tunakisoma tu.

Nenda asubuhi yoyote kwenye kliniki ya watoto hapa Katesh ukaone. Akina mama wamekaa kwenye benchi, kadi ya kliniki mkononi, mtoto amefunikwa vizuri kwa blanketi na kofia kwa sababu ya upepo wa mlimani. Wamo Wairaqw, Wabarabaig, Wanyaturu na wengine waliohamia. Mtoto anatundikwa kwenye mizani, miguu inaning'inia, analia. Muuguzi anataja kilo, na mama anazirudia kwa sauti ili asizisahau. Anapofika nyumbani atamwambia mume wake, atamwambia jirani, atampigia simu mama yake. Nusu kilo tu imeongezeka, lakini nusu kilo hiyo ni maziwa yake, ni usingizi wake, ni maombi yake. Sijui kama yuko mtu kanisani anayeshukuru kwa dhati kama mama yule.

Sisi wa Katesh tunalijua hili

Kama kuna watu wasiopaswa kuambiwa kwamba mambo haya ni makubwa, ni sisi tunaokaa chini ya Mlima Hanang.

Ilikuwa Jumapili, Desemba 3, 2023. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, siku ambayo makanisa yetu yangewasha mshumaa wa kwanza. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Asubuhi ile, wengine wakiwa bado kitandani na wengine wakijiandaa kwenda ibadani, sehemu ya mlima iliyokuwa imelowa maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka mpaka mjini Katesh na katika vijiji vya jirani, Gendabi kikiwemo. Wataalamu walieleza baadaye kwamba haikuwa volkano. Ulikuwa udongo na miamba laini iliyonyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia. Serikali ilitangaza kwamba watu 89 walipoteza maisha. Shule ziligeuzwa makazi ya waliopoteza nyumba. Rais Samia Suluhu Hassan alikatisha safari yake ya Dubai, kwenye mkutano wa tabianchi, akaja Katesh siku chache baadaye kuwaona waathirika.

Asubuhi ile kulikuwa na akina mama waliokuwa wanawaogesha watoto. Kulikuwa na uji jikoni. Kulikuwa na nguo ndogo za Jumapili zilizopigwa pasi usiku. Nani kati ya waliobaki asingetoa kila alichonacho ili apate asubuhi moja tu ya kawaida, mtoto akilia kwa sababu sabuni imeingia machoni?

Sasa miaka miwili imepita. Familia nyingi zimehamia nyumba mpya zilizojengwa huko Waret. Watoto wamezaliwa tangu wakati ule, na wengine wanaanza kutembea. Lakini mvua ya usiku ikiwa kubwa, wapo akina mama wanaoamka, wanamchukua mtoto kitandani na kukaa naye mapajani mpaka kupambazuke, wakisikiliza upande wa mlimani. Asubuhi wanamwona mtoto anaamka, anajinyoosha, anacheka. Kicheko kile ni jambo dogo? Kwa mama yule ni jibu la maombi ya usiku mzima.

Na kuna jambo la pili tunalopaswa kulijua kutoka mkoa wetu huu wa Manyara. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955 huko Mbulu, imeongoza mpango wa kuokoa mama na mtoto wakati wa kujifungua. Wauguzi na wakunga hufanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa kutumia mwanasesere, ili mtoto akizaliwa bila kupumua wajue la kufanya katika dakika ya kwanza. Mpango huo ulipelekwa katika hospitali na vituo vya afya 30 katika mikoa mitano ya Tanzania. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida kubwa la kitabibu la Marekani. Vifo vya akina mama vilipungua kwa karibu asilimia 75, na vifo vya watoto katika siku ya kwanza kwa karibu asilimia 40. Kwa nchi nzima nako kuna habari njema. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ukakadiria 104.

Nyuma ya tarakimu hizo kuna wauguzi walioamka usiku, na kuna maombi. Lakini hebu jiulize, watu wale walihangaika ili iwe nini? Ili mama amtazame mtoto wake asubuhi. Hospitali inapambana kumpa mama dakika ya kwanza na mtoto wake. Inakuwaje sisi nyumbani tunamnyang'anya miezi inayofuata?

Likizo ya mama ni ipi?

Serikali imeliona jambo hili kwa wafanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Akirudi kazini anaruhusiwa saa za kunyonyesha. Baba anapewa siku tatu. Marekebisho ya mwaka 2025 yamemkumbuka hata mama aliyejifungua mtoto njiti, kwamba aongezewe muda.

Ni sheria nzuri. Lakini mama wa Gendabi anayelima mahindi na maharage ataiombea wapi likizo hiyo? Mama anayeuza vitunguu sokoni, na mke wa mfugaji anayekamua ng'ombe alfajiri, nani atawatia saini? Mwajiri wa mama huyo ni sisi: mume, mama mkwe, mawifi, majirani, na kanisa. Tukisema apumzike, atapumzika. Tusiposema, hataomba, maana amefundishwa kwamba mwanamke mwema haombi kupumzika.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Karibu kila kabila lilimwekea mzazi muda wa kukaa ndani, akipikiwa uji, akiletewa maziwa, mtoto akiwa kifuani pake. Torati nayo, katika Walawi 12, ilimwekea mama siku zake za kukaa kabla ya kwenda hekaluni, na Mariamu alizitimiza, kama tunavyosoma katika Luka 2:22. Sisi tumeacha mila hiyo njema tukabaki na ile ya kujaza wageni. Siku arobaini zikiisha tunadhani mama amekuwa kama zamani, na Krismasi ikifika tunamkabidhi jiko.

Kwa hiyo naomba niseme na kila mmoja kwa upole.

Kwako mume. Elkana hakupungukiwa uanaume kwa kumsikiliza Hana. Kabla hujapanga safari ya sikukuu, muulize mama wa mtoto kwanza, na muulize mkiwa wawili, si mbele ya ndugu zako. Kutoka Arusha mpaka Katesh ni zaidi ya kilomita 200. Ni barabara ya lami, lakini basi la Desemba lina joto na msongamano, na mtoto mchanga hajui kwamba ni sikukuu. Mkisafiri, safirini kwa utaratibu, mpumzike njiani, na mkifika wewe ndiye uwaambie watu kwamba mama hatapika.

Kwako mama mkwe. Najua una hamu. Ulimsubiri mjukuu huyu kwa maombi. Lakini heshima ya mkwe haipimwi kwa wingi wa vyombo alivyoosha akiwa na mtoto wa miezi mitatu. Ukimwambia, "Mwanangu, kaa na mtoto, leo napika mimi," atalikumbuka neno hilo mpaka uzeeni mwako, siku ambayo wewe utamhitaji yeye.

Kwetu wageni. Tunapokwenda kumwona mtoto tusiende kulishwa. Beba unga, sukari au kuni, na ukae kidogo. Osha mikono kabla ya kumshika mtoto, na kama una mafua, salimia kutoka mlangoni.

Kwa kanisa. Jumuiya zetu ndogo ndogo, vikundi vya akina mama na kwaya, tuna ratiba ya kila kitu. Je, tuna ratiba ya kumfulia mzazi nguo? Na mama akikosa ibada majuma kadhaa kwa sababu ya mtoto, tusimsengenye. Hana alikosa Shilo, na Mungu hakumhesabia.

Wale ambao hawacheki

Siwezi kufunga bila kuwakumbuka wengine. Yuko mama aliyejifungua salama, mtoto ni mzuri, kila mtu anafurahi, na yeye analia kila siku bila kujua kwa nini. Hana hamu ya kula, hana hamu hata ya kumshika mtoto. Huyo hajarogwa wala hana pepo, na si kwamba hana shukrani. Ni ugonjwa wa huzuni unaowapata baadhi ya akina mama baada ya kujifungua, na unatibika. Usimkemee. Mpeleke kituo cha afya, mpunguzie kazi, kaa naye.

Yuko pia aliyezaa akazika. Na yuko kama Hana wa sikukuu za mwanzo, ambaye kila Desemba anaulizwa na shangazi mbele ya watu, "Vipi, sisi tutaitwa bibi lini?" Ndugu zangu, tuache kuuliza swali hilo. Penina hakuwa mpagani. Alikuwa kwenye safari ileile ya ibada, akila nyama ileile ya dhabihu, huku akimliza mwenzake. Tusiwe akina Penina katika kanga za Krismasi.

Kanzu ndogo

Kuna mstari mmoja zaidi, katika sura ya pili, mstari wa 19. Samweli akiwa tayari hekaluni, Hana alimshonea kanzu ndogo akampelekea kila mwaka, alipopanda na mume wake kutoa dhabihu ya mwaka. Basi Hana alirudi kwenye sikukuu. Wakati ulipofika alipanda Shilo kila mwaka, mikononi ana kanzu. Na kila mwaka ilibidi kanzu iwe ndefu kidogo kuliko ya mwaka uliopita. Nadhani wakati akishona alikuwa akimkumbuka Samweli wa miezi mitatu, wa mwaka mmoja, wa miaka miwili. Aliweza kukumbuka kwa sababu alikuwapo.

Sikukuu zitakuja nyingi. Mtoto atakuja Katesh akiwa anatembea, atakimbiza kuku, atavunja kikombe, atapewa mfupa wa kondoo aunyonye. Miezi mitatu ya kwanza haiji mara ya pili.

Nilizungumza na mke wangu. Sikuwa nimemaliza kueleza, akasema, "Mwache abaki. Mimi nakumbuka." Hakusema anakumbuka nini, na sikuuliza. Kesho yake tukaenda pamoja kwa wakwe, tukakaa, tukanywa chai, tukaelewana. Nikampigia binti yangu. Nikamwambia, "Mwanangu, fanyeni mnaloliona jema. Mkija tutafurahi, na hutapika. Msipokuja tutafurahi vilevile, tutakuja kuwaona Januari." Kwa muda kidogo sikusikia kitu upande wa pili. Kisha nikasikia mtoto anapiga kelele zake, na mama yake anacheka huku analia.

Kondoo bado yuko. Mke wangu anafuma sweta dogo la bluu, maana anasema baridi ya Katesh mwezi wa sita mjukuu ataikuta. Ameanza kulifuma kubwa kidogo kuliko kipimo.

Tuombe. Ee Mungu uliyemkumbuka Hana, uliyemtuma Mwanao alelewe na mama, tunakushukuru kwa kila mtoto aliyeamka leo. Wape akina mama nafasi ya kuwatazama watoto wao. Wape waume moyo wa Elkana. Wafariji waliopoteza wapendwa wao Desemba ile chini ya Mlima Hanang. Wafute machozi wanaosubiri. Na utulinde usiku, mvua zinaponyesha. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.